Mungu Aliporudi Nyuma

Asubuhi ya sikukuu ya Bwana wa Kijiji, mwezi wa tatu wa msimu wa mafuriko, sanamu ya mungu ilirudi nyuma mbele ya Webkhet, mjane wa mchonga mawe. Haikuyumba wala haikusita. Ilirudi hatua moja iliyokamilika, kijiji kizima kikitazama, na karani Hormin akatangaza kwamba mungu amesema hapana.

Swali lilikuwa fupi: nyumba ya marehemu Tagemi, ile ndogo iliyo nje ya ukuta, ni ya Webkhet? Mungu akisonga mbele, ni yake. Akirudi nyuma, si yake. Ndivyo tunavyoamua mambo ambayo mashahidi wameshindwa kuyamaliza, na ndivyo walivyoamua babu zetu tangu mfalme wa kale tunayemwita Bwana wa Kijiji alipokufa akawa mungu wetu. Sanamu yake hukaa juu ya machela. Machela hubebwa mabegani na mafundi wanane wa hapa hapa, watu ambao siku za kazi huchonga na kupamba makaburi ya wafalme, na siku za sikukuu hunyoa vichwa, huvaa kitani cheupe na kuitwa walio safi.

Sheria yenyewe haikuwa na utata. Mali ya marehemu humwendea aliyemzika. Tagemi alizaa watoto wawili wa kiume. Mmoja, mume wa Webkhet, aliangukiwa na jabali kazini. Wa pili, Kenna, alivuka mto zamani akaajiriwa kwenye maghala ya hekalu, na majirani hawakumbuki kumwona akija kumjulia mama yake hali. Webkhet ndiye aliyemlisha mkwewe, akamwogesha, na alipokufa akamuuza punda wake ili apate jeneza. Lakini Kenna aliapa kwa jina la mfalme kwamba mbao za jeneza alizituma yeye, kupitia mchuuzi mmoja wa ng'ambo, kwa hiyo aliyezika ni yeye. Seremala alisema alilipwa na Webkhet. Kenna akajibu kwamba Webkhet alilipia ufundi tu. Mchuuzi hakupatikana. Baraza likachoka, likamwachia mungu.

Mbebaji wa mbele kushoto alikuwa Pashedu, fundi wa kupaka lipu. Waliokuwa karibu waliona yafuatayo. Webkhet alisogea, akainama kama desturi inavyotaka, kisha akainua uso amtazame mungu. Uso wake ukawa shibiri moja tu kutoka kinywani mwa Pashedu. Pashedu akabana midomo, akageuza shingo, na mguu wake ukarudi nyuma. Aliyekuwa nyuma yake akarudi. Wa upande wa pili wakarudi. Mungu akarudi.

Sababu ilijulikana na watu wawili tu siku hiyo, Pashedu na mkewe. Jioni ya kuamkia sikukuu alikuwa amekula mkizi wa chumvi kwa mama mkwe wake. Aliye safi hali samaki kabla ya kumbeba mungu. Asubuhi alisukutua kwa maji ya magadi kama wenzake, lakini harufu ya mkizi wa chumvi haitoki kwa magadi.

Hunero, mkewe, alikuwa akitwanga nafaka uani aliporudi.

"Mume wangu," alisema bila kuinua kichwa, "leo paka watakufuata mpaka kaburini."

"Nanuka?"

"Mimi nilikusikia ulipokuwa bado mlangoni. Na huyo mama! Nilimwambia, mama, kesho huyu anambeba mungu, usimtamanishe. Akanijibu, mkizi mdogo vile mungu hatamwona."

"Nilikula wawili tu."

"Watatu. Niliiona miiba." Akacheka, kisha akamtazama, akaacha kutwanga. "Mbona umekaa kama umepigwa?"

Pashedu alimweleza. Alisema Webkhet alipoinua uso alikuwa karibu mno, na yeye alichofikiria wakati ule ni kwamba atanusa. Hakumfikiria mungu, wala nyumba. Alifikiria harufu ya kinywa chake.

"Kwa hiyo mungu hakurudi," alisema Hunero.

"Sijui la mungu. Najua mimi nilirudi."

Hunero aliuegemeza mchi kwenye kinu. "Usimwambie mtu," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Au mwambie Anakhtu, ndiye mkubwa wenu." Kisha tena, "Hapana. Usimwambie mtu. Watakucharaza fimbo, halafu watatupachika jina."

Alasiri Webkhet alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono ya kazi, na siku zote akibisha hodi alibisha mara moja tu. Pashedu alimwekea mkeka kivulini, mbali kidogo na pale alipokaa yeye. Hunero akamletea pombe ya shayiri. Hakuinywa.

"Kaka Pashedu," alisema, "sikuja kulalamika. Mungu ni mungu. Nimekuja kukuuliza, kwa sababu wewe ulikuwa karibu naye kuliko wote. Aliporudi, alirudi kwa hasira?"

"Hapana, dada."

"Ulimsikia mzito? Wanasema akikasirika anakuwa mzito."

"Alikuwa kama siku zote."

"Basi ni kwa huzuni." Webkhet aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelitegemea jibu hilo. "Nimefikiri tangu asubuhi. Nyumba ni haki yangu kwa sheria, hilo hata Hormin analijua. Kama mungu ameninyima haki yangu, basi ameona kitu. Na mimi nakijua."

Pashedu angeweza kumkatiza hapo. Hunero alimtazama akitegemea kwamba atasema. 

"Mwaka jana, wakati wa joto, mama alikuwa hawezi hata kugeuka," Webkhet aliendelea. "Nilikuwa nimembadilisha nguo, akachafua tena. Nikabadilisha, akachafua tena. Nikasimama pale mlangoni nikasema, ewe mama, si ufe tu. Nilisema kwa sauti. Sikudhani amesikia, lakini alifumba macho. Baada ya hapo hakuniomba tena maji. Alingoja mpaka nikumbuke. Sijamwambia mtu. Nimekwambia wewe kwa sababu wewe ni safi."

Pashedu alisema, "Pumzika, dada." Ndiyo maneno pekee aliyotoa. Webkhet alimshukuru, akaenda zake.

"Na wewe!" Hunero alisema walipobaki wawili. Akarudi kwenye kinu.

Kesho yake Pashedu alipanda njia ya mlimani pamoja na kundi la kazi, akamsubiri Anakhtu kwenye vibanda vya mapumziko. Anakhtu alikuwa msimamizi wa mafundi na pia mkubwa wa wabebaji, mtu wa makamo aliyeheshimiwa kwa kusema machache na kutobadilisha alichokwisha kusema. Alimsikiliza huku akimenya kitunguu.

"Mkizi," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Wa mama mkwe?"

"Ndiyo."

"Pole. Yule mama anajua kumtia mkizi chumvi." Akauma kitunguu. "Sasa nikuulize. Mungu ana miguu?"

"Ya mawe."

"Ya mawe haitembei. Akitaka kutembea anatumia ya nani?"

"Yetu."

"Basi. Alitaka kurudi, akatumia mguu wako. Alijua umekula mkizi, alijua utaona haya, alijua Webkhet atakuja karibu. Wewe unadhani ulimwendesha mungu kwa sababu ya mdomo wako? Mdogo wangu, unajikweza."

Pashedu alilitafakari jambo hilo. Lilikuwa na mantiki, na lilimtoa yeye kabisa katika hesabu. Lakini alikuwa mtu wa lipu. Ukuta ukipasuka, fundi hasemi mungu alitaka upasuke. Hutafuta alipokosea kuchanganya.

"Mzee, kama ni hivyo, tungeweza kumbeba hata tukiwa tumelewa. Kwa nini tunafunga?"

Anakhtu aliweka kitunguu chini. "Kwa sababu watu wanatuona. Na sikiliza vizuri. Kaburi la marehemu baba yako, lile la pale juu, mlipewa na nani?"

"Na mungu. Alikubali mbele ya baraza."

"Mimi nilikuwa mbele kulia siku hiyo. Unataka na mimi nikumbuke mguu wangu ulikuwaje? Kila mwenye nyumba hapa, mwenye kaburi, mwenye kijakazi aliyegombewa, ana siku yake moja mungu alimsogelea. Ukivuta uzi huu, hujui nguo ya nani itafumuka. Kaa kimya. Sikukuu ijayo usile samaki."

Pashedu alishuka. Siku zilizofuata alipaka lipu katika chumba cha ndani cha kaburi la mfalme, mahali ambapo taa tatu zinatosha na hakuna anayeongea sana. Wenzake wanakumbuka kwamba alirudia ukuta mmoja mara mbili, ingawa haukuwa na kosa.

Baraza lilikaa tena langoni ili Kenna akabidhiwe nyumba. Wajumbe walikuwa Anakhtu, Hormin na wazee wengine wa kazi, wameketi kwenye vigoda. Kenna alikuja na wachukuzi na kamba, tayari kuhamisha vitu. Alikuwa amevaa kitani chenye mikunjo myembamba, ya watu wa maghala, na alimwita Webkhet shemeji katika kila sentensi.

"Shemeji, huo ungo ni wa mama. Uweke chini, shemeji."

"Ungo niliusuka mimi."

"Kwa ukindu wa nani, shemeji? Wa nyumba ya mama. Na jeneza lilikuwa la mbao za nani? Tusirudi huko, mungu ameshamaliza."

Mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama na mtungi akasema, "Huyu Kenna angejua njia ya kuja kumnywesha mama yake maji kama alivyoijua ya kuja kuchukua ungo." Watu wakacheka. Kenna naye akacheka, kwa sababu alikuwa ameshinda.

Hormin alimwuliza Webkhet, kama utaratibu unavyodai, iwapo ana neno kabla uamuzi haujafungwa.

"Ninalo," alisema Webkhet. "Sipingi. Lakini watu wananiambia mungu amenionea bure, na si vizuri mungu asingiziwe kwa ajili yangu. Ametenda haki. Mimi nilimtakia mama kifo. Nilimwambia kwa mdomo wangu, naye akasikia."

Alisema yote, pamoja na habari ya nguo na ya maji. Hakulia. Alipomaliza, mwanamke wa mtungi, yule yule aliyemtetea, alisogea pembeni kidogo.

"Mmesikia!" Kenna alipaza sauti. "Alimtakia mama yangu kifo! Nani anajua alimlisha nini? Waheshimiwa, mimi nilidai nyumba tu, lakini sasa nataka na hili lichunguzwe!"

Hapo ndipo Pashedu alipoinuka kutoka walipokaa mafundi. Anakhtu alimtazama, akatikisa kichwa mara moja. Pashedu alimwona, akaendelea.

"Naomba kusema kuhusu machela."

"Kuhusu nini?" aliuliza Hormin.

"Siku ya sikukuu nilikuwa mbele kushoto. Nilikuwa nimekula mkizi. Huyu dada alipoinua uso, niliona haya asinuse. Nikarudi nyuma. Wenzangu wakanifuata."

 Kicheko kilianzia nyuma, kwa wachota maji, kikafika mbele. Mtu akauliza kama mkizi alikuwa wa kuchoma au wa kukausha. Mwingine akajibu kwamba kwa nguvu ile aliyomrudisha nayo mungu, lazima alikuwa na mayai yake.

Hormin hakucheka. "Mungu alikusukuma?"

"Sikusukumwa."

"Una uhakika? Fikiri kabla hujajibu. Mtu anaweza kusukumwa asijue."

Lile swali lilikuwa mlango, na Hormin alikuwa ameufungua makusudi. Pashedu angeweza kusema hajui. Hilo lingekuwa kweli kwa kiasi fulani, na lingempunguzia fimbo.

"Nilijirudisha mwenyewe," alisema. "Mungu sikumkumbuka hata kidogo."

"Ulijua lini kwamba ni wewe?"

"Wakati ule ule."

"Na huyu mwanamke amekaa siku zote hizi akijitafutia dhambi. Ulijua hilo pia?"

"Nilijua," alisema Pashedu. "Alikuja kwangu siku ile ile. Aliniambia haya mliyoyasikia sasa. Nilimwambia apumzike."

Kicheko kilikoma. Webkhet, ambaye mpaka hapo alikuwa akiutazama ungo wake, aligeuka akamtazama Pashedu. Aliyesimama karibu naye anasema aliuliza kwa sauti ya chini, "Ulikuwa unajua?" 

Kenna akawageukia wajumbe. "Hivi ndivyo kijiji hiki kinavyotoa hukumu? Mungu wenu anaendeshwa na kitoweo!"

"Chunga ulimi," alisema Anakhtu. Kila mtu alitegemea kwamba atasimama upande wa uamuzi, kwa kuwa hajawahi kubadilisha neno. Aliweka mikono magotini. "Mungu aulizwe tena," alisema. "Huyu asibebe."

Baraza likakubali. Suala la Webkhet kumtakia mkwewe kifo halikuchunguzwa. Hormin alisema sheria inahukumu mikono, na kwamba kama ingehukumu yanayosemwa vyumbani mwa wagonjwa, kijiji kisingebaki na mtu wa kumzika mwenzake. Pashedu alifutwa katika walio safi, maisha yake yote. Alichapwa kwa ufito wa mtende pale pale langoni. Baraza halikutaja idadi, na aliyechapa hakuhesabu. Kabla jua halijageuka alikuwa na jina jipya. Waliokuwa wakimwita fundi walimwita Mkizi, na watoto wa njia ya kaskazini walijifunza kubana pua kila alipopita.

Mama mkwe wake alimtumia salamu kwamba yeye hakumlazimisha mtu kula.

Siku ya mapumziko, mwisho wa juma letu la siku kumi, mungu alitolewa tena. Nafasi ya mbele kushoto ilishikwa na mchoraji mmoja aliyekaa na njaa tangu siku iliyotangulia ili asitiliwe shaka. Pashedu alisimama nyuma ya umati, juu ya jiwe, mgongo wake ukiwa bado haugusiki. Hakuitazama sanamu. Aliwaambia watu baadaye kwamba alitazama visigino vya wabebaji tangu mwanzo mpaka mwisho, apate kujua ni cha nani kitakachoanza.

Hormin aliuliza kwa maneno yale yale. Webkhet alisogea, akainama, akainua uso. Machela ilitulia, jasho likiwatiririka wabebaji kwenye vichwa vilivyonyolewa. Kisha mungu akasonga mbele. Watu wakapiga kelele. Webkhet alibaki ameinua uso, sanamu ikiwa juu yake kabisa, mpaka Hormin alipomgusa bega.

Pashedu anasema visigino vyote vilinyanyuka pamoja. Aliyesimama karibu naye anasema kilianza cha Anakhtu. Jambo hilo halikuulizwa barazani.

Kenna alivuka mto na wachukuzi wake, bila ungo. Webkhet alirudi kwenye nyumba ya nje ya ukuta. Wanawake waliokuwa wakimpa nyuzi awafumie mashuka hawakuacha kumpa, lakini wale waliokuwa wakimwachia watoto wachanga wakienda kufua, waliwapeleka kwingine. Hakuna aliyetoa sababu.

Siku chache baadaye Pashedu aliamka mapema. Alisukutua kwa maji ya magadi mara kadhaa, akatafuna majani ya giligilani, akamwomba Hunero anuse.

"Hunuki kitu," alisema Hunero. "Hujala samaki tangu siku ile, utanukaje?"

"Nusa tena."

Alinusa tena. "Nenda," akamwambia. "Ukifika, usimwambie apumzike."

Hunero alimfuata kwa mbali mpaka kwenye pembe ya ukuta, na aliyoyaona ndiyo yanayojulikana. Pashedu alibisha hodi. Webkhet alifungua, ufagio mkononi, akasimama kizingitini. Walikuwa karibu, kama ile siku ya sikukuu. Pashedu akafumbua kinywa.

Webkhet akarudi nyuma hatua moja, akafunga mlango.